Tusome Kabla ya Kusugua

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita mvuvi mmoja mzee wa kisiwani kwetu aliingia katika ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, akaweka mezani kitu alichokifunga ndani ya kipande cha gunia. Alipokifungua tuliona duara la shaba nyeusi, ukubwa wa kisahani cha kikombe, limeota chaza na matumbawe madogo upande mmoja, na upande wa pili lina kibati chembamba kilichoshikizwa kwa skrubu mbili. Kilikuja na jarife lake. Mzee alisema maneno machache tu: "Hiki si cha chombo cha baharini. Vyombo mimi nimevizoea. Chukueni nyinyi mnaojua kusoma."

Na sisi tuliojua kusoma tulifanya nini? Tulimpa kijana mmoja msasa, majivu na ndimu, tukamwagiza akitakase kitu kile mpaka kiwake, maana tulikuwa tukimtazamia mgeni na tulitaka kumwonyesha. Kijana alikuwa hodari. Baada ya saa mbili shaba iling'aa kama sinia la harusi, na kile kibati kiling'aa zaidi: kilikuwa cheupe, laini, kitupu. Herufi zilizopigwa juu yake kwa muhuri mwembamba zilikuwa zimeondoka pamoja na uchafu. Mgeni alipofika, kumbe alikuwa mtu aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya ndege. Alikigeuza kitu kile mara mbili mkononi, akauliza maswali mawili: "Hapa palikuwa pameandikwa nini? Na kilitoka mahali gani?" Hapakuwa na mtu wa kumjibu hata moja. Akakirudisha mezani polepole, akasema kwamba kwa hali ile kilifaa kuzuilia karatasi zisipeperuke. Ndiyo kazi kilichofanya tangu siku hiyo.

Kosa lile lilikuwa langu, wala simsingizii kijana wa watu. Nimelieleza hadharani kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyelifanya. Katika pwani yetu na visiwa vyake, kitu cha madini kisichojulikana aghalabu husuguliwa kikawa pambo, au hukatwa kikazibia paa la banda, au hufikishwa kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu kikauzwa kwa kilo. Kwa njia yoyote kati ya hizo, kinachotangulia kupotea ni maandishi.

Wako watakaouliza: vyuma vya ndege za kivita vitatoka wapi katika visiwa hivi? Swali hilo historia imekwisha kulijibu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliingia bandarini Unguja ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Kisha ikaenda kujificha ndani ya vijito vya delta ya Rufiji, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa uchache wa maji. Waingereza wakahitaji macho ya kuitazama kutoka juu. Wakamwajiri rubani wa kiraia, H. D. Cutler, aliyekuwa huko Durban na ndege ya Curtiss ya kutua majini, wakamleta mpaka kisiwa kidogo cha Niororo, jirani na Mafia. Mwezi Novemba 1914 Cutler aliiona meli ile akiwa angani. Mwezi Desemba injini ikamshinda, akashuka mtoni, akatekwa.

Mwaka 1915 zililetwa Niororo ndege za Sopwith, ambazo joto letu na unyevu wetu viliziadhiri, kisha zikafuata za Short. Waingereza walikuwa wamekwisha kuiteka Mafia mwezi Januari mwaka huo. Kiwanja kikafyekwa kisiwani humo, na mwezi Juni zikafika ndege za magurudumu, Henri Farman mbili na Caudron mbili. Marubani waliopaa kutoka Mafia ndio walioielekeza mizinga ya manowari Severn na Mersey, mpaka Königsberg ikaangamia tarehe 11 Julai 1915. Siku hiyo hiyo ndege ya rubani J. T. Cull na mwenzake Arnold ilipigwa, ikaangukia mtoni, nao wakaokolewa wakiwa hai.

Ndege zile zilikuwa kazi ya mbao, kitambaa, gundi na waya. Mchwa hawaachi mbao, na chumvi haiachi kitambaa. Kinachoweza kusalia baada ya miaka zaidi ya 100 ni injini, mabomba ya chuma, vikaza-waya vya shaba na saa za vipimo. Vitu vidogo, vizito kwa umbo lao, ambavyo mtu akivikuta kwenye tope la mikoko anaweza kuvidhania kuwa ni vya mashine ya kusukuma maji.

Vita vya pili vya dunia navyo havikutupita. Waingereza waliweka katika pwani hii vikosi vya ndege aina ya Catalina, ndege kubwa ya injini mbili yenye tumbo la mashua, iliyoundwa Marekani. Kikosi namba 209 kilikuwa Mombasa, na namba 259, kilichotangulia kukaa Mombasa, kilihamia Dar es Salaam mwaka 1943. Kazi yao ilikuwa kuwinda nyambizi kutoka hapa mpaka kusini ya Madagascar, ambako tarehe 20 Agosti 1943 Catalina za vikosi namba 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197. Kwa hiyo bahari yetu imepitiwa na ndege za vita katika vizazi viwili, na hizo za kizazi cha pili hazikuwa za mbao tena bali za mabati ya alumini, ambayo hukaa majini muda mrefu.

Sasa turudi kwenye kitu kilichoko mezani. Mtu ambaye si fundi atakitambuaje?

La kwanza ni kukishika na kukitazama kabla ya kukifanya lolote. Sumaku ndogo itakwambia kama ni chuma au la. Bati jepesi lililounganishwa kwa safu za ribiti ni la miaka ya 1930 na kuendelea. Bomba la chuma lenye pete za kushika waya laweza kuwa la zamani zaidi. La pili ni kipimo. Waingereza na Wamarekani walitoboa na kukata kwa inchi na sehemu zake. Wajerumani na Wafaransa kwa milimita. Mtu mwenye rula nzuri na subira anaweza kupima umbali kutoka ribiti moja hadi nyingine, na kama vipimo vinaangukia vizuri upande mmoja na kukataa upande wa pili, amekwisha kuifuta nusu ya dunia katika orodha yake. Hata katika vita ile ya Rufiji tofauti hiyo ipo: Short na Sopwith ni michoro ya Kiingereza, Farman na Caudron ni michoro ya Kifaransa.

Ribiti zenyewe husema. Katika kazi ya Kimarekani, ribiti ya alumini iliyotumika zaidi ina kishimo kidogo sana katikati ya kichwa chake, na ile iliyo ngumu zaidi ina vistari viwili vilivyoinuka. Alama hizo ziliwekwa makusudi ili fundi asizichanganye. Rangi nayo husema, na ndiyo maana msasa ni adui. Ndani ya ndege za Kimarekani hupatikana rangi ya manjano iliyoelekea kijani, iliyotiwa kuzuia kutu; ndani ya nyingi za Kiingereza ni kijani kilichoelekea kijivu. Tabaka la rangi lenye unene wa ukucha laweza kuwa ndilo shahidi pekee aliyebaki.

Kisha yaja maandishi. Chombo cha Jeshi la Anga la Uingereza aghalabu kina taji na herufi A.M., yaani Wizara ya Anga, na namba ya bohari inayoanza kwa 6A ikiwa ni saa ya vipimo, au 5C ikiwa ni kifaa cha umeme. Mshale mfupi mpana ni alama ya mali ya serikali ya Kiingereza, iliyotumika tangu zamani kwa vitu vya kila aina, hata sufuria za jeshi, kwa hiyo peke yake hauthibitishi ndege. Kifaa cha Jeshi la Anga la Ujerumani la vita vya pili huwa na herufi Fl zikifuatwa na namba. Na vipande vya Catalina vingi huanza kwa 28, kwa kuwa kiwanda cha Consolidated kiliihesabu ndege hiyo kuwa mfano wake wa 28.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia skuli tunaukumbuka ubao wa kwanza. Be, te na the zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta tu. Ukizifuta nukta, mwalimu mwenyewe hawezi kukwambia uliandika nini, ila kwa kuyatazama maneno yaliyo jirani. Namba za vyuma hivi ziko vivyo hivyo. Kati ya 3 na 8 iliyolika, kati ya herufi B na namba 13, panaweza kuwa na tofauti ya ndege nyingine, nchi nyingine na marehemu mwingine. Asiyeona vizuri na aandike alama ya kuuliza mahali pa herufi asiyoiona, wala asikisie. Kisio likishaandikwa katika daftari, baada ya mwaka husomwa kama hakika.

Tena kuna jambo ambalo huwatelezesha hata mabingwa: namba ya kipande si namba ya ndege. Namba ya kipande ni namba ya mchoro ambao fundi aliufuata kiwandani, na vipande maelfu vinaweza kuchukua namba hiyo hiyo. Tutwae Spitfire, ndege ya Kiingereza inayojulikana zaidi. Vipande vya toleo lake la kwanza vilipewa namba zinazoanza kwa 300. Lilipokuja toleo la tisa, vipande vipya vilianza kwa 361. Lakini kila kipande cha awali ambacho hakikubadilishwa kiliendelea kuundwa kwa namba yake ile ile ya 300. Anayeokota kipande chenye 300 akatangaza kwamba amepata Spitfire ya toleo la kwanza, amesema zaidi ya alichokisoma. Muhuri wa mkaguzi humsaidia kidogo. Mathalan herufi CBAF humpeleka kwenye kiwanda cha Castle Bromwich. Walakini hata hapo ameijua karakana tu, ndege yenyewe bado.

Saa za vipimo ndizo wasafiri wakubwa kupita vyote. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 Waingereza waliweka mbele ya rubani ubao mmoja wa vipimo sita: mwendo, upeo wa bandia, kupanda na kushuka, kimo, uelekeo na kugeuka. Ubao huo ulikuwa ule ule katika ndege ndogo ya mtu mmoja na katika ndege kubwa ya mabomu. Saa iliyoharibika ilitolewa, ikatiwa nyingine, na ile iliyotengenezwa ikapewa ndege ya tatu. Kwa hiyo saa ya kimo iliyookotwa bila habari ya mahali haiwezi kukwambia zaidi ya nchi yake na zama zake. Hapo nikafahamu kwamba swali la pili la mgeni wetu, lile la mahali, lilikuwa na uzito sawa na la kwanza, pengine na zaidi.

Nitatoa kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu ni kisa cha wavuvi na cha visiwa, ingawa ni cha bahari ya mbali. Tarehe 31 Julai 1944 Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi mashuhuri wa Kifaransa ambaye kitabu chake kimefasiriwa hata kwa Kiswahili, alipaa kutoka kisiwa cha Corsica akiwa peke yake ndani ya ndege ya Kimarekani aina ya Lockheed P-38, iliyobadilishwa ikawa ya kupiga picha na haikuwa na silaha. Hakurudi. Kwa miaka zaidi ya 50 hapakuwa na aliyejua alipoangukia. Kila mji wa pwani ya Ufaransa ulikuwa na mzee wake aliyeiona ndege ikianguka.

Mwaka 1998 mvuvi wa Marseille, Jean-Claude Bianco, alipandisha nyavu zake karibu na kisiwa cha Riou, akakuta ndani ya takataka za bahari bangili ya fedha iliyoandikwa jina la Saint-Exupéry, jina la mkewe Consuelo, na anwani ya wachapaji wake huko New York. Mvuvi yule alikuwa na jina kamili mkononi, tena lililochorwa wazi. Je, aliaminiwa? Wako waliomwita mwongo na mghushi. Bangili inaweza kutupwa, inaweza kuibwa, inaweza kutengenezwa. Jina peke yake halikutosha.

Ndipo mpiga mbizi Luc Vanrell, aliyekuwa akiyajua mabaki ya ndege katika eneo lile, akayachunguza upya, na mwaka 2000 akatangaza kwamba ni ya P-38 ya aina ile ile. Kibali cha kuyatoa kilichelewa mpaka mwaka 2003. Katika mabati yaliyopandishwa, baada ya ganda la bahari kuondolewa kwa uangalifu, ilionekana namba iliyogongwa kwa mkono: 2734, ikifuatwa na herufi L. Hiyo haikuwa namba ya mchoro, bali ni namba ambayo kiwanda cha Lockheed kiliihesabia ndege moja tu. Orodha za kiwanda zilipofunguliwa, 2734 ilikutwa imekaa mkabala na namba ya kijeshi 42-68223, na ndege yenye namba hiyo ndiyo aliyopaa nayo Saint-Exupéry asubuhi ile. Mwezi Aprili 2004 serikali ya Ufaransa ikathibitisha. Tarakimu nne, ndugu msomaji, ambazo kijana wetu na msasa wake angezimaliza kwa dakika moja.

Kisa hakikuishia hapo, na sehemu iliyobaki naiona kuwa ndiyo yenye mafunzo zaidi kwa maofisa wetu. Mahali pale pale palikutwa pia injini ya Kijerumani ya Daimler-Benz. Mtu mwenye haraka angesema: hii ndiyo ndege iliyomwangusha mwandishi, wakazama pamoja. Habari ingependeza sana magazetini. Uchunguzi ulionyesha kwamba injini ile ilikuwa ya Messerschmitt iliyoangushwa na Wamarekani mwishoni mwa mwaka 1943, miezi kadhaa kabla ya safari ya Saint-Exupéry, na rubani wake alikuwa kijana wa ukoo wa kifalme wa Kijerumani, Alexis zu Bentheim und Steinfurt. Ndege mbili, vifo viwili, kaburi moja la maji. Mahali palipatikana sawasawa, na bado mahali peke yake pangepotosha.

Upande wa pili wa mizani kuna kipande cha Nikumaroro, kisiwa kimoja cha Kiribati katika Pasifiki. Mwaka 1991 watafiti wa Kimarekani waliokota huko bati la alumini lenye safu za matundu ya ribiti. Walikuwa wakimtafuta Amelia Earhart, rubani aliyepotea na mwelekezi wake Fred Noonan tarehe 2 Julai 1937, nao wakaliona bati lile kuwa kiraka cha ndege yake. Bati likapimwa, likapigwa picha, likapelekwa chuo kikuu cha Penn State likamulikwa kwa miali ya nyutroni ili herufi zilizofutika zionekane. Baada ya miaka kama 30 watafiti hao hao wakakubali kwamba safu za ribiti zinalingana na bawa la C-47, ndege ya uchukuzi ya jeshi la Marekani katika vita vya pili. Nawaheshimu kwa kukubali.

Ilifikaje pale, na hakuna ndege ya aina hiyo iliyoangukia kisiwani humo? Ndege kama hiyo ilianguka mwaka 1943 katika kisiwa cha Sydney, ambacho leo huitwa Manra, na wenyeji wa visiwa vile walikuwa na desturi ya kuchukua alumini ya mabaki wakaifanya vitana na mapambo ya masanduku. Watu walihama, na alumini ikahama nao. Nani asiyeitambua desturi hiyo? Nasi tumezibia paa, tumetengeneza mbuzi ya nazi, tumefunga mitumbwi kwa kila bati lililoletwa na bahari. Wala si dhambi. Tatizo ni kwamba aliyechukua hakuacha neno, na mjukuu wake hajui kwamba kibati kilichoko chini ya mtungi kilitoka kisiwa kingine.

Sasa niseme neno la hatari, maana hili haliwezi kungoja historia. Saa nyingi za vipimo za ndege za zamani zilipakwa rangi ya kung'aa gizani iliyotiwa radiamu. Rangi hiyo hufifia ikaacha kung'aa baada ya miaka, na watu hudhani imekufa. Kilichokufa ni ule mng'ao tu. Radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu yake, kwa hiyo ile ya mwaka 1943 iko karibu kama ilivyokuwa. Huko Marekani, kuanzia mwaka 1917, wasichana walioajiriwa kupaka rangi hiyo kwenye saa walikuwa wakichonga ncha za brashi kwa midomo yao. Taya zao zikaoza na wengi wakafa. Saa iliyofungwa vizuri, yenye kioo kizima, hatari yake ni ndogo ikiwekwa mbali na watu. Ikifunguliwa, ikakwanguliwa, vumbi lake likaingia puani au kwenye chakula, hapo ndipo madhara yalipo. Naikumbuka ile meza, msasa, na kijana aliyekula embe baada ya kazi bila kunawa. Lile duara la shaba halikuwa na uso wenye namba, nami namshukuru Mungu kwa hilo, lakini siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuuliza. Anayemiliki saa ya namna hiyo asiifungue, asiiweke chumba cha kulala, asiwape watoto. Aiarifu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Na kitu chochote chenye umbo la risasi, kombora au bomu, mtu asikiguse kabisa, akaite polisi.

Kwa ndugu zetu masheha na watendaji wa vijiji, sioni haja ya kuunda kamati. Daftari moja latosha, na simu ya mkononi yenye kamera. Kitu kikiletwa, kipigwe picha kama kilivyo, na uchafu wake, pande zote, rula ikiwa kando. Yaandikwe yanayosomeka, herufi kwa herufi. Liandikwe jina la aliyekileta, siku, na mahali kwa maneno yake yeye mwenyewe, si kwa maneno yetu ya ofisini. Kama kimetoka majini, kikae ndani ya ndoo ya maji, maana chuma cha baharini kikikauka ghafla huanza kupasuka na kumeguka pamoja na maandishi yake. Mengine yatafanywa na wajuzi.

Lakini wasidhani kwamba mvuvi atakuja kwa sababu ya tangazo ubaoni. Mnunuzi wa vyuma chakavu humlipa papo hapo. Sisi huchukua kitu chake kwa jina la serikali, tukamwacha na jarife lililopasuka. Ukimfanyia hivyo mara moja, cha pili hakileti. Atakitosa au atakikata usiku. Kama hatuna fedha za kumlipa, basi angalau apewe karatasi yenye muhuri kwamba kitu hiki amekileta yeye, arudishiwe kikishasomwa ikiwa hakina madhara, na jina lake litajwe popote kitakapotajwa. Bianco wa Marseille alitukanwa kabla ya kuaminiwa. Hatuna sababu ya kuiga sehemu hiyo ya kisa.

Zaidi ya hayo, baadhi ya ndege zilizama na watu wake. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi wa kitamaduni ulioko chini ya maji unavihesabu vitu vilivyokaa majini kwa miaka 100 au zaidi, na mabaki ya mwaka 1915 yamekwisha kuuvuka umri huo. Ya mwaka 1943 bado. Lakini mifupa haingoji kutimiza miaka 100 ili iheshimiwe. Mahali pa namna hiyo paandikwe, paachwe.

Baada ya mgeni wetu kuondoka, niliona haya siku nyingi kabla ya kwenda kumtafuta yule mzee. Nilimkuta chini ya mkungu, anashona jarife. Nikamwamkia, nikakaa, nikamuuliza kama anapakumbuka mahali alipokipata kitu kile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anaujua mlango wa nyumba yake.

"Mnara wa msikiti ukikaa nyuma ya mvinje mkubwa," alisema, "na kichwa cha kisiwa kikifunguka kidogo upande wa kusi. Pima kumi na nne, mchanga na mawe. Pale jarife hunasa kila mwaka. Marehemu baba alipaita Penye Bati."

Niliyaandika yote katika daftari, neno kwa neno, na jina la mahali nikalipigia mstari. Aliningoja nimalize.

"Na kile kitu," akauliza, "mmeshakisoma?"

Nilimweleza ukweli, msasa na majivu na ndimu. Alinyamaza kidogo, akauma uzi, akaendelea kushona.